Radhi Huombwa kwa Nani?

Ndugu wasikilizaji, katikati ya miaka ya 1990 BBC2 ya Uingereza ilirusha kipindi cha vichekesho vya soka, Fantasy Football League, cha David Baddiel na Frank Skinner. Jason Lee, mshambuliaji wa Nottingham Forest, alikuwa akizifunga rasta zake fundo utosini. Baddiel akajipaka rangi nyeusi usoni, akajitwika nanasi, akamwigiza Lee kuwa mtu asiyejua kufunga mabao. Punde dhihaka ikatoka studio ikaingia viwanjani: mashabiki wakawa wanamwimbia Lee, kwa mahadhi ya wimbo wa dini, kwamba ana nanasi kichwani.

Utetezi wa kawaida ni kwamba aliyetaniwa ni mshambuliaji butu. Haya, butu walikuwa tele. Mbona wao hakuna aliyejipaka rangi kuwaigiza?

Baddiel aliwahi kusema hadharani kwamba anajuta, lakini ana kwa ana alimwomba Lee radhi mwaka 2022, zaidi ya miaka 25 baadaye, tena mbele ya kamera za Channel 4, katika filamu yake, yeye akiwa Myahudi, kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi. Kwenda alikwenda, na hilo tumpe. Ila utaratibu ulipinduka. Aliyedhihakiwa hupigiwa simu kwanza, bila kamera, naye ndiye anayeamua kama pawe na mkutano. Tamko la hadharani hufuata, likitaja kitendo chenyewe: nilijipaka rangi, nikamwigiza fulani. Ukisikia “kama kuna aliyeumia”, jua hapo hakuna radhi.

Kuna suala la kanda. Juni 2020 BBC iliiondoa Little Britain, vichekesho ambamo pia weupe walijipaka weusi, kwenye iPlayer, huduma yake ya kutazama vipindi mtandaoni. Siku hizohizo Leigh Francis, mchekeshaji aliyewaigiza watu mashuhuri weusi katika kipindi cha Bo' Selecta!, aliomba radhi kupitia Instagram. Kuondoa ni rahisi, lakini vipande hubaki mitandaoni, na ushahidi rasmi ndio unaofichika. Afadhali kanda ihifadhiwe na maelezo yake, isiingize tena hata senti.

Na kituo je? The Black and White Minstrel Show, ya waimbaji weupe waliojipaka weusi, ilidumu BBC tangu 1958 hadi 1978, ingawa ombi la kuisimamisha lilifika mwaka 1967. Kwa hiyo miaka ya 1990 hakuna bosi wa hapo wa kusema hakujua. Mchekeshaji hajipaki peke yake: kuna mpambaji, mwongozaji, mtayarishaji aliyepitisha mswada. Majina yao hupita kwenye skrini mwishoni mwa kila kipindi.