Kujenga Mradi wa Java Kutoka Msimbo Chanzo: Namna ya Kusimamia Vitegemezi vya Ndani

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tutajenga mradi huria wa Java ambao unategemea mradi mwingine usiopatikana Maven Central, yaani hazina kuu ya mtandaoni ya maktaba za Java, au unaopatikana huko lakini si katika toleo tunalolihitaji. Nitatumia miradi miwili ya mfano: maktaba inayoitwa hesabu, na programu inayoitwa ripoti, ambayo haijengeki bila maktaba hiyo. Sehemu kubwa ya kazi tutaifanya kwa Maven, zana ya kujenga miradi ya Java. Gradle, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, tutaigusia mwishoni.

Kwanza fungua terminali, andika java -version, kisha mvn -version. Tunaandika amri zote mbili kwa sababu Maven hufuata Java iliyotajwa katika kigezo cha mazingira JAVA_HOME, ambayo huenda isiwe ile inayojibu amri ya kwanza. Ukiona ndani ya mradi faili inayoitwa mvnw, tumia ./mvnw badala ya mvn, kwa kuwa hiyo huleta toleo la Maven lililochaguliwa na wenye mradi.

Sasa ingia kwenye folda ya ripoti na uandike mvn package. Kama mnavyoona kwenye skrini, ujenzi umekwama, na mstari wenye maana ni huu unaosema Could not find artifact org.mfano:hesabu:jar:2.4-SNAPSHOT. Msomaji mwenye haraka huuruka mstari huu na kukimbilia kubadilisha mipangilio ya mtandao, ilhali umebeba kila tunachokihitaji: kundi ni org.mfano, jina ni hesabu, na toleo ni 2.4-SNAPSHOT. Neno SNAPSHOT linaonyesha kwamba toleo bado linaandikwa, na matoleo ya namna hiyo hayahifadhiwi Maven Central. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Tunatakiwa tu kuijenga maktaba hiyo wenyewe.

Kabla ya kuijenga, tuangalie mahali itakapowekwa. Maven huwa na hazina ya ndani katika folda ya .m2/repository iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani, na huitazama hiyo kabla ya kwenda mtandaoni. Amri ya mvn package hutengeneza faili ya jar, yaani furushi la msimbo uliokwisha kujengwa, na kuiacha ndani ya folda ya target, mahali ambapo mradi mwingine hauwezi kuiona. Amri ya mvn install hufanya yote hayo, kisha hunakili jar pamoja na pom yake, yaani faili inayoeleza mradi na vitegemezi vyake, kwenye hazina ya ndani.

Pakua msimbo wa hesabu kwa git clone, ingia ndani yake, na uandike git tag ili uone matoleo yaliyowekewa alama. Chagua tawi au alama inayolingana na kile ripoti inachokiomba, kwa sababu tawi kuu huenda limekwisha kusonga mbele na kuondoa darasa ambalo ripoti bado inaliita.

Hapa naomba tutulie kidogo. Wengi wangeandika mvn install mara moja, na ujenzi ungefaulu, lakini wangekuwa wametega mtego kwenye kompyuta yao wenyewe. Tuseme umeisakinisha hesabu kwa jina la toleo 2.4, ambalo ni toleo rasmi, huku umebadilisha mistari miwili ndani yake. Kuanzia saa hiyo kila mradi wa kompyuta hiyo unaoomba hesabu 2.4 utapewa jar yako, na Maven haitaenda kuchukua ile halisi, kwa kuwa inaamini kwamba toleo rasmi halibadiliki. Nawe ukiisakinisha kwa jina la 2.4-SNAPSHOT, na mradi umeelekezwa kwenye hazina ya mbali yenye SNAPSHOT ya jina hilohilo, Maven kwa kawaida huulizia mabadiliko mara moja kwa siku. Ikikuta ya mbali ni mpya zaidi, huichukua hiyo na kazi yako hupitwa bila onyo lolote. Mimi niliwahi kumaliza asubuhi nzima nikitafuta kosa ndani ya msimbo ambao haukuwa ukitumika hata kidogo.

Kwa hiyo toleo unalolijenga mwenyewe lipe jina lako mwenyewe. Ndani ya folda ya hesabu andika mvn versions:set -DnewVersion=2.4-ndani, kisha mvn install -DskipTests, ambayo husakinisha bila kuendesha majaribio. Amri ya kwanza hubadilisha toleo katika pom ya mradi na za moduli zake, yaani sehemu ndogo zinazouunda, na git diff itakuonyesha kilichoguswa. Ikiwa hesabu ina moduli nyingi nawe unahitaji moja tu, andika mvn install -pl jina-la-moduli -am. Hizo herufi am huifanya Maven ijenge pia moduli ambazo hiyo inazitegemea, pamoja na pom mama, ambayo ikikosekana kwenye hazina moduli yako haitasomeka.

Rudi kwenye ripoti, fungua pom.xml, na ubadilishe toleo la hesabu liwe 2.4-ndani. Ikiwa toleo limeandikwa kama kigezo, kwa mfano hesabu.version, huna haja ya kugusa faili: mvn package -Dhesabu.version=2.4-ndani inatosha. Kisha andika mvn dependency:tree, ukiongeza -Dhesabu.version=2.4-ndani kama uliitumia, na uhakikishe kwa macho yako kwamba 2.4-ndani ndiyo iliyochaguliwa.

Pengine umepewa jar tupu isiyo na msimbo wake. Hapo tumia mvn install:install-file ukitaja -Dfile, -DgroupId, -DartifactId, -Dversion na -Dpackaging=jar. Jihadhari na jambo moja: jar isipoambatana na pom, Maven huiandikia pom fupi isiyotaja kitegemezi chochote. Ujenzi utapita vizuri, halafu programu ianguke ikiwa inaendeshwa kwa NoClassDefFoundError, kwa sababu maktaba ambazo jar hiyo inazihitaji hazikuletwa. Ukiwa na pom yake, itaje kwa -DpomFile. Njia ya kuielekeza pom moja kwa moja kwenye njia ya faili, yaani scope ya system, siipendekezi. Nyaraka za Maven zenyewe zinaihesabu kuwa imepitwa na wakati.

Huenda jar ikawa imekwisha kuwekwa kwenye hazina ya mbali na Maven bado ikadai haipo. Mara nyingi ni kumbukumbu ya jaribio lililoshindwa, inayohifadhiwa katika faili zinazoishia na .lastUpdated, kwa hiyo ongeza -U kwenye amri ili Maven iulize upya. Na ukitaka kujua jar ilitoka wapi, fungua faili ya _remote.repositories iliyo kando yake: iliyopakuliwa ina jina la hazina baada ya alama ya >, kama vile central, na iliyosakinishwa hapohapo haina kitu kati ya > na =.

Kwa upande wa Gradle, amri inayofanana na install ni ./gradlew publishToMavenLocal, mradi uwe unatumia programu-jalizi ya maven-publish, na upande wa pili, yaani ripoti, utaje mavenLocal() katika orodha ya hazina. Mimi naona ni afadhali ./gradlew build --include-build ../hesabu, ambayo huijenga maktaba kutoka folda yake na kuiweka badala ya jar yenye kundi na jina hilohilo, bila kuacha chochote katika .m2.

Limebaki jaribio la kuthibitisha. Futa toleo lako, yaani folda ya .m2/repository/org/mfano/hesabu/2.4-ndani, kisha jenga hesabu na ripoti kwa mpangilio huo, kila amri ukiiongezea -Dmaven.repo.local na njia kamili ya folda tupu. Upakuaji utachukua muda, kwa kuwa hazina inaanza bila kitu. Ripoti ikijengeka hapo, andika hatua zako kwenye README ya mradi. Ikikwama, jina la kitegemezi kilichobaki kimefichika kwenye .m2 yako ya zamani litakuwa kwenye mstari ule wa Could not find artifact.