Jinsi ya kusoma sarafu ya Vespasian: "Yudea imetekwa"

Karibuni tena. Leo tunasoma sarafu moja tu, sesterti, sarafu kubwa ya aloi ya shaba, ya Kaizari Vespasian wa Roma. Andaa taa ya mezani, lenzi ya kukuzia na mizani ndogo kama ile ya sonara.

Anza na mizani. Sesterti halisi ya enzi hizo hukaribia gramu 25, upana wake kama milimita 33. Yangu inasoma 19. Iandike pembeni, tutairudia.

Sasa zima taa ya juu, uwashe ya mezani na kuilaza ubavuni mwa sarafu. Mwanga wa pembeni huziinua hata herufi zilizolika. Upande wa kichwa, anzia chini kushoto, zunguka kama mshale wa saa. Maneno yamebanwa na kukatwakatwa; usihangaike nayo yote. Tafuta COS III, yaani konsuli, cheo cha juu serikalini Roma, kwa mara ya 3. Kwa Vespasian huo ni mwaka 71, mwaka mmoja tu baada ya mwanawe Titus kuuteka mji wa Yerusalemu na hekalu kuteketea.

Geuza. Huku ndiko nilikotaka tufike. IVDAEA CAPTA: "Yudea imetekwa". V hapo isome U. Katikati kuna mti, na ni mtende, si mnazi; sogeza lenzi uone vishada vya tende vinavyoning'inia pande mbili. Kushoto kaizari amevaa kivita, mkuki mkononi, mguu juu ya kofia ya chuma. Kulia, chini ya mti, mwanamke ameketi kashika tama. Huyo ndiye Yudea yenyewe. Sura yake haizidi punje ya dengu, lakini mtu akishika tama huhitaji kuelezwa. Mimi humtazama yeye kabla ya kaizari. Matoleo mengine yana mateka mwanamume, mikono imefungwa nyuma.

Zile S C chini ni idhini ya seneti, tupite.

Mwisho, isimamishe kwa ukingo. Warumi walipiga sarafu kwa nyundo, kati ya mihuri miwili. Ukiona mstari mwembamba umezunguka ukingo mzima, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Sogeeni... mnauona? Umezunguka wote. Na zile gramu 19 mnazikumbuka. Hii yangu ni nakala, niliinunua ya kujifunzia.