Noti za Kwanza za Urusi, na Feki za Napoleon

NEEMA: Karibu msikilizaji. Leo tuko Urusi ya karne ya 18, kwenye noti zao za kwanza, asignati. Kaka Idi, hizi ndizo zako.

IDI: Ahsante, dada Neema. Kwanza uelewe habari ya shaba. Rubli 100 za sarafu za shaba zilikuwa na uzito wa kilo 100 na ushei. Ukilipa rubli 1,000, unahitaji mkokoteni! Mwaka 1768 vita na Waturuki vikaanza, serikali ikawa na shida ya fedha. Malkia Ekaterina wa Pili akafungua benki St. Petersburg na Moscow, na 1769 noti zikatoka: rubli 25, 50, 75 na 100.

NEEMA: 75?

IDI: Ndiyo iliyowaponza. Wajanja waliichukua ya 25 wakaigeuza kuwa 75. Mwaka 1771 wakaacha kuitoa. Wakusanyaji wengi hawatawahi kuishika.

NEEMA: Inafananaje?

IDI: Karatasi nyeupe, maandishi meusi, hakuna sura ya mtu. Mtu asiyejua atadhani ni risiti. Lakini iinue kwenye mwanga: pembeni yanajitokeza maneno ya kusifu upendo kwa nchi, yamo ndani ya karatasi yenyewe. Ipapase, utahisi mihuri miwili ya umbo la yai iliyokandamizwa bila wino. Halafu sahihi. Maofisa walisaini kila noti kwa mkono.

NEEMA: Kila noti?

IDI: Kila moja, kwa kalamu ya unyoya. Na hapo ndipo unapomkamata Napoleon.

NEEMA: Napoleon kaingiaje tena?

IDI: Alipoivamia Urusi mwaka 1812, Wafaransa walikuwa wamechapa asignati bandia, nyingi za rubli 25. Kazi safi mno. Ila sahihi walizichonga kwenye bamba, wakazichapa. Chukua lenzi: wino wa kalamu hukolea hapa, ukafifia pale, wa kuchapwa uko sawasawa mwanzo hadi mwisho. Na baadhi zina kosa la herufi: katika neno la Kirusi la "serikali", mchongaji kaweka Л badala ya Д.

NEEMA: Sasa ukiipata ya hivyo?

IDI: Itunze! Watu wanazinunua wakijua fika ni feki za Napoleon. Mimi ningeanza nazo, maana halisi za toleo la kwanza ni adimu sana. Serikali ilibadilisha matoleo, ikazikusanya za zamani na kuziharibu. Mwaka 1843 zikaja noti mpya, ukapeleka rubli tatu na nusu za asignati kupata moja.

NEEMA: Na anayetaka kununua leo?

IDI: Nakala za kisasa zimejaa. Usikubali picha ya mbele peke yake. Mwambie muuzaji akupigie picha noti ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga, na nyingine ya karibu kabisa ya sahihi.