Majina ya Hewani, Roketi za Ngomeni na Valvu

Wazee wetu mafundi, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Sisi wapenzi wa redio tukikutana, maongezi yetu hayakosi kupita mahali patatu: jina unalotumia mtandaoni, roketi uliyoiona au unayotamani kuiona, na valvu, vile vichupa vya kioo vya ndani ya redio vinavyokuza mawimbi. Nimeombwa niyaeleze hayo matatu kwa wageni waliokuja leo. Mimi nayaona ni jambo moja, na nitajitahidi kuonyesha kwa nini.

Nianze na majina, maana hapo ndipo tunaposemwa. Husemwa kwamba anayejiita jina la kupanga ana jambo analificha. Lakini Waswahili tumeishi na lakabu siku nyingi. Washairi wa magazetini walitia lakabu chini ya beti zao, na wasomaji waliwajua kwa hizo. Ukitaja Sauti ya Kiza, mpenzi wa ushairi anajua ni Andanenga. Mtu akikosea vina au akitoa hoja dhaifu, wiki chache baadaye anajibiwa kwa lakabu ileile, hadharani. Haikumpa mtu maficho, ilimfungulia deni la kujibu.

Redio ya ridhaa, yaani ya kurusha mawimbi kwa mapenzi tu bila malipo, ina utaratibu huohuo, ila jina hutolewa na serikali pamoja na leseni; ni herufi na namba, nasi huliita alama ya wito. Alama za wito za Kenya huanza na 5Z, za Tanzania 5H, za Uganda 5X. Kabla ya uhuru, Kenya ilikuwa VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1. Watu wawili wakisikilizana hewani, hutumiana kadi ya kuthibitisha: alama ya wito, tarehe, saa ya kimataifa, masafa, na mawimbi yalifika kwa nguvu gani. Jina ulilopewa na mzazi si lazima lisomeke vizuri. Hivyo vipimo ndivyo lazima viwe sahihi.

Tazameni sasa jina la namna hiyo linavyoweza kufanya kazi. Tarehe 12 Desemba 1961, roketi ilirushwa kutoka California ikiwa imebeba satelaiti ya serikali ya Marekani. Pembeni, mahali ambapo lingewekwa pande la chuma la kusawazisha uzito, palikaa kisanduku cha kilo 4.5 hivi kilichoundwa na wapenzi wa redio wenyewe. Kiliitwa OSCAR 1. Kilirusha mawimbi kwa nguvu ndogo mno, isiyofika hata robo ya wati, na kilijua neno moja tu la Mosi (Morse), ile lugha ya nukta na vistari: nukta nne, kimya kifupi, nukta mbili. Yaani HI, salamu. Waundaji waliifanya kasi ya nukta zile ibadilike kulingana na joto ndani ya kisanduku. Kwa hiyo msikilizaji mwenye saa ya mshale angeweza kuhesabu salamu ngapi zimepita kwa sekunde kadhaa, na hapo akawa amepima joto la chombo kilicho angani. Zaidi ya watu 570 kutoka nchi 28 walituma taarifa zao. Nani aliwajua kwa sura? Kila taarifa ilikuwa na alama ya wito, saa na hesabu, na ikapokelewa kama kipimo.

Hicho ndicho ninachotaka mkishike leo. Jina la kujichagulia linapata uzito pale linapotia sahihi chini ya kazi ambayo mwingine anaweza kuikagua.

Tarehe hiyohiyo, 12 Desemba, miaka 9 baadaye, ikawa zamu ya pwani yetu. Mnaotoka Malindi mnalijua jukwaa la San Marco, lile lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, katika Ghuba ya Ungwana. Waitaliano chini ya mhandisi Luigi Broglio walirusha kutoka hapo roketi za Marekani aina ya Scout. Ile ya 1970 ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kutafuta mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, satelaiti ikapewa jina Uhuru, na kwa jina hilo inatajwa hadi leo na wanafalaki wa dunia nzima. Ilitoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Kwa nini Ngomeni? Pale ni nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Kwenye ikweta dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki kwa mita 465 hivi kila sekunde, na roketi inaondoka na mwendo huo bure, huku mashariki kukiwa na bahari tupu. Kuna sababu nyingine niipendayo zaidi. Satelaiti inayozunguka karibu na ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi inayoshuka chini juu ya Atlantiki ya kusini, ambayo ingevuruga vipimo vya eksirei.

Scout ilitumia fueli kavu katika hatua zake zote nne. Fueli ya namna hiyo ikishawaka haizimwi, na roketi haijikokoti pale chini, inachomoka. Mtazamaji aliye ufukweni huona moto kwanza, sauti huja baadaye, kama sekunde 9 kwa kila kilomita 3. Ukiwa na saa unaweza kujua umesimama umbali gani. Scout 9 ziliruka kutoka pale, ya mwisho Machi 1988, kwa hiyo walioziona wakiwa vijana bado tunao. Naomba sana twende Ngomeni tukawaulize: sauti ilichelewa kiasi gani, moshi ulielekea wapi, wavuvi waliambiwa wakae wapi. Tuandike kwa tarehe na kwa majina watakayotaka wenyewe yatumike.

Valvu sasa. Hii hapa mkononi ni ECC83. Ndani ya kioo mmetolewa karibu hewa yote. Kuna uzi unaopashwa moto kwa volti 6.3, nao unapasha kathodi iliyopakwa oksidi za bari na stronti. Kathodi ikipata moto inaachia elektroni, nazo zinavutwa na anodi yenye volti 200 na zaidi. Katikati kuna wavu, na volti kidogo tu kwenye wavu zinatosha kuuzuia au kuuachia mkondo mkubwa. Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904 bila wavu, Lee de Forest akautia mwaka 1906.

Hata jina lake limejieleza. E ni volti 6.3, kila C ni triodi moja, yaani seti moja ya kathodi, wavu na anodi, na 8 ni aina ya kitako. Angalieni juu kwenye kioo: lile doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia ni bari, kazi yake kunasa hewa iliyobaki. Likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Usipoteze muda kuipima.

Msidhani ni mambo ya makumbusho. Kisambazaji cha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, Oktoba 1957, kilikuwa cha valvu. Maikrowevu ya jikoni ina valvu. Voyager 1, chombo cha anga za mbali kilichoondoka 1977, kinatuletea habari zake kupitia valvu yenye nguvu ya wati 20 hivi.

Redio hii mezani nimeichomoa kwenye umeme, lakini kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa, na zinaua. Kwa hiyo tutazitoa kapasita umeme kwanza kwa rezista, kipande kinachopunguza mkondo, tuhakikishe kwa mita, mkono mmoja mfukoni. Kisha kila mmoja atapima valvu moja. Daftari liko pale: andika namba ya valvu, ulichokipata, na jina unalotumia. Sogeeni.