Vyumba 85 na funguo zake

Mwenyekiti, walimu wangu, wenzangu wa TEHAMA, na nyinyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama huko nyuma: asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze namna kampuni kubwa inavyoweza kuunganisha vituo vyake vya data, yaani majengo na vyumba vinavyokaa kompyuta zake kubwa, na kuviendesha kwa utaratibu mmoja. Nitakaa zaidi kwenye kampuni moja, Hewlett-Packard (HP) ya Marekani, watengenezaji wa kompyuta, na kwa mtu mmoja, Randy Mott. Kazi hii aliifanya HP, kisha akaenda kuirudia General Motors (GM), watengenezaji wa magari, na anayeirudia kazi ngumu mara ya pili ana la kutufundisha.

Mott aliingia HP mwaka 2005 kama mkuu wa TEHAMA, akitokea kampuni ya kompyuta ya Dell, na kabla ya hapo maduka ya Walmart. Alikuta vituo vya data 85. Alikuta programu zaidi ya 6,000, na maghala madogo ya data zaidi ya 700, kila idara na lake, kila moja likitoa jibu lake ukiuliza tumeuza kiasi gani mwezi uliopita. Na hii ni kampuni iliyokuwa ikiwauzia watu seva, zile kompyuta zinazohudumia nyingine! Wazee walisema kinyozi hajinyoi.

Vituo 85 havikupangwa na mtu. HP ilikuwa imeungana na Compaq, kampuni nyingine ya kompyuta, mwaka 2002; Compaq nayo ilikuwa imewameza wenzao wa Tandem mwaka 1997 na Digital mwaka 1998. Ni ndoa juu ya ndoa, na kila bibi harusi amekuja na vyombo vyake vya jikoni. Hakuna aliyetupa sufuria hata moja. Ukiongeza wakuu wa nchi na wa vitengo waliojijengea vyumba vyao ili wasisubiri foleni ya makao makuu, 85 haishangazi.

Mwaka 2006 HP ikatangaza mpango wake: kutoka 85 hadi 6, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Miji mitatu, Austin, Houston na Atlanta, kila mji vituo viwili.

Mbona viwili viwili? Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda kilomita 100 na kurudi ni milisekunde moja. Mifumo ya fedha na oda inataka rekodi iandikwe sehemu mbili kabla mteja hajaambiwa "tayari". Vituo viwili vikiwa mji mmoja, kusubiri huko hakuonekani. Kutoka Austin hadi Atlanta ni kiasi cha kilomita 1,300: milisekunde 13 kwa kila rekodi, na hapo sijahesabu vifaa vya njiani. Ukiwa na kazi ya usiku inayoandika rekodi milioni moja, moja baada ya nyingine, pigeni hesabu wenyewe. Ni zaidi ya saa tatu na nusu za kusubiri tu. Basi pacha wa jirani anakulinda jengo likipata hitilafu, na mji wa mbali, unaopokea nakala kwa kuchelewa kidogo, unakulinda mji mzima ukipata balaa.

Hayo ya majengo ni rahisi. Mkandarasi akilipwa, atajenga. Ugumu uko kwenye mambo mawili, na la kwanza ni kuhesabu.

Mnacheka, lakini angalieni serikali ya Marekani. Mwaka 1998 ilikuwa na vituo vya data 432. Mwaka 2009 ikajikuta navyo zaidi ya 1,100. Mwaka 2010 ikaamua kupunguza. Wizara zikaanza kuhesabu kwa makini, kisha tafsiri ya "kituo cha data" ikapanuliwa ili ijumuishe hata chumba kidogo chenye seva chache, na idadi ikapanda: ikapita 3,000, na ilipofika mwaka 2014 ikapita 9,000. Walikuwa wanafunga vituo huku idadi inaongezeka! Hakuna aliyedanganya. Kila walipofungua mlango wa stoo walikuta kingine kinanguruma. Mali bila daftari huisha bila habari, hiyo tunaijua. Kumbe bila daftari huzaana pia bila habari.

Na kuhesabu si kuandika "seva, moja". Ni kuandika inafanya nini, nani mwenyewe, inaongea na mashine zipi, inapata umeme wa njia ipi, na lini mara ya mwisho mtu aliingia. Hapo mwenye seva huwa amehama idara, au amestaafu, au Mungu amemchukua.

Nitawapa la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu iliyounganisha vyumba vitatu vya seva vya kampuni moja hapa nchini, jina nitaliacha. Nyuma ya maboksi ya karatasi tukakuta mashine inawaka, haina lebo wala mwenyewe. Tukaandikia idara zote: kimya. Tukafanya kinachofanywa na mafundi kokote duniani, tukachomoa kebo ya mtandao, umeme tukauacha, tukasubiri kusikia nani atapiga kelele. Wiki mbili, tatu, hakuna. Tukaizima na kuipeleka stoo.

Robo mwaka ilipoisha, mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima, akashuka ngazi hadi kwetu. "Wanangu, ile mashine yangu ya hesabu za uchakavu mmeipeleka wapi?" Shikamoo yenyewe ilinitoka kwa kukwama. Barua pepe yetu aliiona, ila ilitaja anwani ya tarakimu, na yeye anaijua mashine kama "ile ya Juma", aliyeifunga miaka tisa nyuma. Diski tulikuwa bado hatujaifuta, ni bahati tu. Tangu siku ile nasubiri siku 100, ili mwisho wa robo upite ndani yake, na za mwisho wa mwaka naziulizia kwa miguu, meza kwa meza.

Jambo la pili ni kusanifisha, yaani kufanya vyote vifanane, na hapa wengi huteleza. Huchukua mashine kama zilivyo, wakazipakia kwenye lori na kuzishusha kwenye jengo jipya. Vurugu ileile, sakafu mpya. HP ilibidi wapunguze programu zenyewe, kutoka zile 6,000 na zaidi kuelekea takriban 1,500, na yale maghala 700 ya data wakayakusanya kuwa ghala moja. Aina chache za seva, matoleo machache ya mfumo endeshi, namna moja ya kuchukua nakala rudufu, namna moja ya kuomba mabadiliko. Fundi wa Austin akiamshwa usiku kwa hitilafu ya Atlanta, akute raki, lile kabati la seva, imepangwa kama yake, kebo za rangi ileile, majina ya mashine yanayosomeka.

Faida ya umeme nitaipitia haraka kwa kuwa imeandikwa sana. Kabla seva pepe, yaani seva kadhaa za programu ndani ya mashine moja, hazijaenea, seva ya kawaida ilitumia asilimia 5 hadi 15 ya uwezo wake, na ikikaa bure bado inakula karibu nusu ya umeme wake au zaidi. Vyumba vingi vya zamani, kwa kila uniti inayoingia kwenye seva, uniti nyingine au zaidi ilikwenda kwa viyoyozi na upotevu. Mwaka 2007 IBM ilitangaza kuhamisha kazi za seva zake 3,900 kwenye meinifremu, zile kompyuta kubwa sana, kama 30. Inatosha.

Wenye programu ndio mtihani. Ukimwambia mkuu wa kitengo kwamba mfumo wake wa oda utafutwa atumie wa wenzake, atakuletea sababu ishirini kwamba wateja wake ni tofauti. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Hapo mkuu wa TEHAMA peke yake hawezi kitu. HP, Mott alikuwa na Mark Hurd, mkurugenzi mtendaji, nyuma yake. Kitengo kikigoma, kilijua kinagombana na nani. Mimi nimeona miradi miwili ikifia hapo, mashine zote zikiwa tayari zimenunuliwa.

Kuna mtu ananiandikia hapa kikaratasi: je, kukusanya vyote pamoja si hatari? Ni hatari. Ngalawa themanini, moja ikizama, mji bado utakula samaki. Agosti 2016, umeme ulileta hitilafu kwenye kituo cha shirika la ndege la Delta, Atlanta. Kati ya vifaa kama 7,000, takriban 300 havikuwa vimeunganishwa sawasawa na umeme wa akiba. Vikazimika 300, vilivyobaki vikakosa wa kuzungumza naye, na safari zaidi ya 2,000 zikafutwa ndani ya siku tatu. Hasara kama dola milioni 150. Jenereta zilikuwepo. Kilichokosekana ni safu moja kwenye daftari: kifaa hiki, umeme wake wa pili unatoka wapi.

Sasa General Motors, kwa ufupi. Mwaka 1984 GM ilinunua kampuni ya EDS iwaendeshee kompyuta. Mwaka 1996 ikaiachia ijitegemee, ila ikaendelea kuwa mteja wake. Mwaka 2008 HP ikainunua EDS. Mwaka 2012 Mott akahamia GM, akakuta kama asilimia 90 ya kazi za TEHAMA zinafanywa na watu wa nje, na vituo vya data 23. Akatangaza 2: Warren na Milford, vyote Michigan, karibu na Detroit. Mnaona pacha wetu wamerudi? Kisha mwezi Oktoba mwaka huohuo GM ikatangaza kuwaajiri wafanyakazi wa HP wapatao 3,000 waliokuwa tayari wanaihudumia GM. Alijua kituo unaweza kukijenga kwa mwaka mmoja, lakini anayejua ile ya Juma hufanya nini, huyo humjengi.

Hapa kwetu Serikali nayo imejenga kituo cha data cha taifa pale Kijitonyama, Dar es Salaam, ili taasisi ziweke humo mifumo yao. Mnaofanya kazi huko mnajua ni vyumba vingapi bado vina funguo mifukoni mwa watu; leo sitawataja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemwona kijana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Houston, nadhani anataka kuniuliza habari za vimbunga. Karibu, anza wewe.