Katuni na Afya ya Akili: Tutazame Pamoja na Watoto

Mkuu wa chuo, wakufunzi, na ninyi walimu watarajiwa, asanteni kwa kunialika. Wakubwa wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna katuni zinavyoweza kutusaidia kuielewa afya ya akili. Naomba nianze na kipande kifupi cha filamu moja, maana sehemu kubwa ya ninachotaka kusema imo humo.

Filamu yenyewe ni Inside Out, ya studio ya Pixar ya Marekani, iliyotoka mwaka 2015. Msichana wa miaka 11, Riley, anahama na wazazi wake kutoka Minnesota kwenda San Francisco. Hadithi kubwa inatokea kichwani mwake, ambako hisia tano, yaani Furaha, Huzuni, Hasira, Woga na Kinyaa, zimechorwa kama watu wadogo wanaoendesha mitambo. Kuna mahali Furaha na Huzuni wanakutana na Bing Bong, rafiki wa kufikirika ambaye Riley alicheza naye utotoni. Kigari chake kinatupwa kwenye shimo la kumbukumbu zilizosahaulika. Bing Bong anaketi chini, hana nguvu tena. Furaha anahangaika naye: anamtekenya, anakunja uso ili amchekeshe, anamhimiza kwamba treni itawaacha. Wapi! Hainuki. Ndipo Huzuni anapokuja kukaa kando yake. Anampa pole kwa kunyang'anywa kitu alichokipenda, kisha anamwacha asimulie safari alizofanya na Riley kwa kigari kile. Bing Bong analia mpaka anatosheka, anainuka, na safari inaendelea.

Sasa tujitazame sisi. Mtoto analia darasani, tunamwambia nini? Nyamaza. Jikaze. Mtoto wa kiume halii. Msichana wa kidato cha pili akiacha kula bwenini, tunasema anaringa. Akikaa kimya wiki nzima, ana kiburi. Alama zake zikishuka, fimbo. Sisemi kwamba hatuwapendi. Nasema tunafanya alivyofanya Furaha: tunataka huzuni ya mtoto iishe haraka kwa sababu inatutia taabu sisi.

Na kinachoniuma ni kwamba maarifa ya Huzuni tunayo tangu zamani. Jirani akifiwa tunakwenda, tunavua viatu, tunakaa mkekani. Hatumwambii mfiwa acheke. Tunamsikiliza akirudia habari ya marehemu mara ya kumi, na hakuna anayemkatiza. Tunakaa naye matanga yote. Adabu hiyo tumeiweka kwa ajili ya msiba, lakini mtoto aliyehamishwa shule, aliyetengana na mama yake, au anayeogopa kurudi nyumbani jioni, hatumkalii hivyo. Katuni ile inaturudishia jambo letu wenyewe, na mtu mzima anaihitaji kuliko mtoto aliyekaa naye.

Kipande kile hakikuja kwa bahati. Mwongozaji, Pete Docter, alianza kuiwaza hadithi hiyo alipoona binti yake anabadilika, kutoka mtoto mchangamfu hadi mtoto mkimya. Yeye na wenzake wakaenda kwa wanasaikolojia, wakiwamo Dacher Keltner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Paul Ekman, ambaye alitumia miaka mingi kuchunguza hisia na nyuso za watu. Kwa hiyo mnapoona katuni inayogusa jambo hili kwa usahihi, jueni huenda kuna mtaalamu aliyeulizwa kabla ya kalamu kushikwa.

Mwaka 2024 ikaja sehemu ya pili. Riley ana miaka 13, na Wasiwasi anaingia kichwani kwake na mizigo yake. Kuna wakati Wasiwasi anaizunguka mitambo kwa kasi hata haonekani tena, imebaki tufani tu. Na huko nje Riley amekaa pembeni ya uwanja, kifua kimembana, pumzi hazitoshi. Mwaka ule hakuna filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko hiyo duniani kote. Fikirieni ni watoto wangapi waliokaa gizani wakaona kwa mara ya kwanza kitu kilichowahi kuwapata, ambacho hawakuwa na namna ya kukieleza. Mwigizaji wa kawaida angeweza kutuonyesha jasho na macho yaliyotoka. Kile kinachozunguka ndani asingeweza kutuonyesha. Mchoraji anaweza, na hiyo ndiyo nguvu ya pekee ya katuni katika jambo hili.

Shirika la Afya Duniani lililiona hilo mapema. Mwaka 2012 lilishirikiana na mwandishi na mchoraji wa Australia, Matthew Johnstone, kutoa video fupi ambamo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, imechorwa kama mbwa mweusi. Mbwa anamlalia bwana wake, anamfuata kazini, anakaa naye mezani. Anakua mpaka anajaza chumba. Mtu akishaomba msaada, mbwa hafi. Anakuwa mdogo, anafungwa kamba. Mtu aliyewahi kuambiwa kwamba sonona yake ni uvivu akiona picha ile hahitaji maelezo marefu. Na mkewe au mumewe akiiona, ndipo mazungumzo yanapoanza.

Lakini nitakuwa sijawatendea haki nikiisifu katuni tu. Watafiti wa New Zealand walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa vipindi vya watoto vya wiki moja katika televisheni za huko. Kati ya vipindi 128, 59 vilitaja ugonjwa wa akili, na 47 kati ya hivyo vilikuwa katuni. Vilitajaje? Kwa matusi na vichekesho: chizi, kichaa, amerukwa na akili. Miaka minne baadaye watafiti wa Kanada wakapitia filamu 34 za katuni za Disney, wakakuta 85 kati ya kila 100 zina maneno ya namna hiyo. Mtoto wa miaka mitano anakuwa ameshajifunza kwamba mwenye tatizo la akili ni wa kuchekwa au wa kukimbiwa. Na anapofika kwetu anakuta tunamtania mwenzake kwamba apelekwe Mirembe, au Mathari kwa wenzetu wa Nairobi, kana kwamba hospitali ni adhabu. Akiugua yeye, atamwambia nani?

Na si wachache wanaougua. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 70, ambalo wengi wenu mtalikuta, hao ni kumi.

Je, hadithi inaweza kubadilisha tabia ya watu kweli? Hapa sina haja ya kwenda mbali. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wakubwa mliopo hapa mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori. Miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa Dodoma, ili watafiti walinganishe. Waligundua kwamba mahali uliposikika watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango, na kwamba sehemu kubwa ya kazi haikufanywa na redio peke yake: mke na mume walisikiliza, kisha wakazungumza. Ilikuwa rahisi kumjadili Mkwaju kuliko kujadiliana wao kwa wao.

Ndiyo maana nawasihi msimwachie mtoto simu au televisheni mkasema katuni itamfundisha. Kaeni naye. Kipande kikiisha, msimuulize, "Na wewe una huzuni?" Hilo linamfungia mlango. Muulizeni huyu aliyechorwa: kwa nini hakuinuka alipochekeshwa? Ungekuwa wewe pale ungemfanyia nini? Mtoto atajibu kwa ajili ya Bing Bong, na katikati ya jibu mtaanza kusikia habari zake mwenyewe. Asipojibu, acheni. Msimlazimishe mbele ya wenzake, na mlichosikia kisigeuke hadithi ya chumba cha walimu.

Vijana wachoraji, nawaona mmekaa nyuma, nina neno nanyi. Dar es Salaam kuna shirika la Ubongo, ambao tangu mwaka 2014 wanatoa katuni za watoto kwa Kiswahili, hesabu na sayansi kwanza, na Akili, msichana wa kuchorwa wa miaka minne, akawafundisha wadogo mengine. Njia ipo. Tuchoreeni kijana wa bodaboda asiyelala usiku tangu ile ajali. Tuchoreeni mama aliyejifungua na hana furaha na mtoto, na mama mkwe anayedhani amerogwa. Msimfanye mganga kuwa adui wala daktari kuwa malaika. Watu wetu huenda kote kuwili, na mkidharau njia moja watazima televisheni. Na msiishie kwenye maumivu. Onyesheni mtu akiingia zahanati, akiulizwa nini, akipewa nini, akirudi mara ya pili. Sehemu hiyo karibu hatuioni kabisa, na ndiyo inayoogopwa.

Katuni haitibu. Mtoto anayesema hataki kuishi hahitaji filamu, anahitaji mtu mzima siku hiyohiyo: mwalimu wa ushauri nasaha, mganga wa kituo cha afya, mzazi mnayemwamini. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Iandikeni ubaoni, kwenye kona isiyofutwa, na ninyi mnaochora iwekeni mwishoni mwa kila kipande, kwa maandishi makubwa na kwa sauti, maana wapo watazamaji wasiojua kusoma bado.

Nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na hao wa nyuma.