Kuongoza Ofisi Inayochapisha Nyaraka za Diplomasia

Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya wanachuo wa utunzaji wa kumbukumbu, walimu wa historia na maafisa masjala wa mikoa ya Mtwara na Lindi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu maafisa kumbukumbu, na ninyi wanachuo ambao muda si mrefu mtakabidhiwa funguo za masjala, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie kazi isiyosemwa sana hapa kwetu, yaani kuongoza kikundi cha watumishi wa serikali wanaokusanya, kuhariri na kuchapisha nyaraka zinazoonyesha jinsi serikali yao ilivyoendesha uhusiano na nchi za nje. Nyaraka hizo ni simu za maandishi za mabalozi, madokezo ya makatibu wakuu, kumbukumbu za mazungumzo ya marais, na taarifa ambazo siku zilipoandikwa ziligongwa mhuri wa SIRI. Ni kazi yenye mgongano ndani yake, kwa kuwa mwajiri wa kikundi ndiye mwenye siri, ndiye mlipa mishahara, na mara nyingi ndiye atakayeaibika ukurasa ukifunuliwa. Wengi hudhani mkuu wa ofisi ya namna hii hupimwa kwa wingi wa majuzuu anayotoa. Mimi nadhani hupimwa kwa namna anavyoyashughulikia yale yasiyochapishwa: nani aliamua yaachwe, kwa sababu gani, na kama msomaji ameambiwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani. Ulianza mwaka 1861, nchi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alipowasilisha Bungeni, pamoja na ujumbe wake wa Desemba, barua ambazo Waziri wake wa Mambo ya Nje, William Seward, aliandikiana na mabalozi. Tangu hapo yametoka majuzuu zaidi ya 450. Mwanzoni barua zilichapwa mapema sana, nyingine ndani ya mwaka ule ule zilipoandikwa; karne ya 20 ilipoendelea, muda kati ya tukio na uchapishaji ukawa unarefuka. Mwaka 1925 Waziri Frank Kellogg alitoa maagizo ambayo msingi wake haujafutwa hadi leo: mhariri anaweza kuacha jambo dogo, au jambo litakalovuruga mazungumzo yanayoendelea, lakini hana ruhusa ya kuacha kitu kwa nia ya kufunika kasoro ya sera.

Miaka hiyo hiyo Ulaya ilikuwa ikiendeleza vita vyake kwa makaratasi. Ujerumani, iliyobebeshwa lawama ya Vita Kuu ya Kwanza katika Mkataba wa Versailles, ilichapisha majuzuu 40 ya nyaraka zake kati ya mwaka 1922 na 1927. Ilikuwa kazi kubwa ya kitaalamu, na papo hapo ilikuwa utetezi wa mshtakiwa, hivyo uteuzi wake umehojiwa na wanahistoria tangu wakati huo. Uingereza ilijibu kwa majuzuu 11 yaliyohaririwa na G. P. Gooch na Harold Temperley. Wazee hao wawili walifanya jambo ambalo ningependa kila mkuu wa ofisi kama hii alifahamu: waliandika katika kitabu chenyewe kwamba watalazimika kujiuzulu iwapo watashinikizwa kuacha waraka wowote ambao kwa maoni yao ni wa msingi. Maneno hayo, naamini, hayakuandikwa kwa ajili ya umma. Yalikusudiwa wasomaji wachache sana, na hao walikuwa wizarani.

Kisa cha Iran kinahitaji tukae nacho zaidi. Agosti 1953 Waziri Mkuu wa Iran, Mohammad Mossadegh, aliangushwa katika mapinduzi ambayo shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilishirikiana na wenzao wa Uingereza kuyapanga. Mwaka 1989 wanahistoria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani walitoa juzuu kuhusu Iran ya miaka 1951 hadi 1954, na ndani yake mkono wa shirika hilo haukuonekana. Ajabu ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kujulikana, hata mmoja wa waliolisimamia alikuwa ameandika kitabu juu yake miaka kumi nyuma. Kwa hiyo juzuu lile halikulinda siri yoyote, lilijiharibia jina tu. Mwenyekiti wa kamati ya wanazuoni iliyoishauri wizara, Warren Cohen, alijiuzulu mwaka 1990 na akaeleza sababu zake hadharani. Bunge likaingilia kati, na Oktoba 1991 Rais George H. W. Bush akatia saini sheria inayotaka kumbukumbu hizo ziwe kamili, sahihi na za kuaminika, zichapishwe kabla miaka 30 haijapita tangu tukio, na idara nyingine za serikali, zile za ujasusi zikiwamo, ziwafungulie wanahistoria milango ya masjala zao. Sheria hiyo hiyo iliipa kamati ya washauri wajumbe 9, na 6 kati yao huteuliwa kutokana na mapendekezo ya vyama vya kitaaluma vya wanahistoria, watunza nyaraka, wanasheria wa kimataifa na wataalamu wa siasa. Juzuu jipya la Iran lilitoka Juni 2017, miaka 64 baada ya mapinduzi yenyewe.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa sheria, nami sikubaliani kabisa. Kikomo cha miaka 30 kimevukwa mara nyingi kuliko kilivyotimizwa. Kilichobadilika kwa hakika ni namna pengo linavyoonyeshwa. Fungueni juzuu lolote la miaka ya karibuni, mtakuta ndani ya mabano imeandikwa kwamba hapa mistari miwili haikufunguliwa, au aya moja, au kurasa tatu. Na pale ambapo waraka mzima umezuiwa, kichwa chake, tarehe yake na idadi ya kurasa zake vinabaki mahali pake. Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala atanielewa upesi. Makato yakiandikwa kwenye stakabadhi, kiasi gani na kwa ajili ya nini, anaweza kunung'unika, akaenda kuhoji kwenye chama cha msingi, akapiga hesabu zake. Yasipoandikwa, hata kilo zilizo sahihi hataziamini.

Kiongozi basi hufanya nini kutwa nzima? Sehemu kubwa ya siku yake huishia kwenye majibizano. Wakusanyaji wake wameshasoma majalada, wamechagua nyaraka labda moja katika mia, wameandika maelezo ya chini, na sasa kila idara iliyowahi kugusa waraka inapewa nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Hapana huja upesi na kwa mdomo, na kwa kawaida hutoka kwa afisa wa ngazi ya kati ambaye hatapata sifa kwa kuruhusu lakini anaweza kupata lawama. Kiongozi mwenye busara hapokei katazo la mdomo. Huomba liandikwe, litaje mstari, litaje madhara, na liwe na saini ya mtu mwenye mamlaka. Nusu ya makatazo, kwa uzoefu wa kazi yoyote ya serikali, huyeyuka yanapotakiwa kuandikwa. Tena huwatenganisha wanaokusanya na wanaojadiliana na idara, kama wafanyavyo Wamarekani, kwa kuwa mkusanyaji akijua kwamba kesho yeye mwenyewe atabishana na usalama juu ya waraka fulani, leo ataanza kuuruka bila kuambiwa na mtu. Udhibiti wa aina hiyo hauachi mabano ukurasani. Kwa shughuli za siri kubwa, ambazo serikali yenyewe haijakiri kwamba zilitokea, Marekani iliunda katika miaka ya 1990 jopo la ngazi ya juu la Wizara ya Mambo ya Nje, CIA na Baraza la Usalama wa Taifa, ili uamuzi usibaki mikononi mwa karani.

Sisi wa kusini tuna sababu zetu za kuyatafakari haya. Mpaka wa Ruvuma ulikubaliwa na Ujerumani na Ureno tarehe 30 Desemba 1886, na hakuna mzee wa Kimakonde aliyeketi mezani. Miaka minane baadaye, mwaka 1894, Wajerumani walivuka na kuichukua Kionga, kusini mwa mdomo wa mto. Wareno wakairudisha mikononi mwao mwaka 1916 vita vikiendelea, na mwaka 1919 washindi wa vita wakawathibitishia. Baadaye Uingereza na Ureno ziliandikiana kuhusu mpaka huo mtoni na visiwa vyake, na mwaka 1988 Tanzania na Msumbiji zilitia saini makubaliano ya mpaka wa baharini. Kwa watu wa Msimbati, ambako gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, mstari huo wa baharini una uzito wake. Sasa mkuu wa ofisi akitaka kuchapisha juzuu moja tu kuhusu mpaka huu, atahitaji majalada ya Berlin, Lisbon, London, Maputo na Dar es Salaam, pamoja na watu wanaosoma Kijerumani cha mwandiko wa zamani na Kireno cha kiserikali. Mtu mmoja wa namna hiyo ana manufaa kuliko kompyuta kumi mpya, ingawa bajeti zetu hupenda zaidi kununua kompyuta.

Wala asidhani kwamba kila kilichokuwa masjala kilibaki masjala. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ikiwa mahakamani, serikali hiyo ilibidi ikiri kwamba huko Hanslope Park, kituo chake nchini Uingereza, ilikuwa imehifadhi maelfu ya majalada yaliyoondolewa katika makoloni 37 kabla ya uhuru, Tanganyika ikiwamo. Yakaanza kufunguliwa kwa wasomaji mwaka uliofuata. Mhariri wa nyaraka zetu za miaka ya mwanzo ya uhuru ambaye hajayapitia hayo anachapisha nusu ya barua.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya mwaka 2002, nayo imeweka kipimo cha miaka 30 kwa nyaraka za umma kufunguliwa. Kufungua jalada ni jambo moja, na kulichapisha likiwa limehaririwa, lina maelezo na faharasa, ni jambo jingine kabisa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Lindi anayetaka kusoma mazungumzo ya Mwalimu Nyerere na Henry Kissinger ya Aprili 1976 Dar es Salaam atayapata katika juzuu la Wamarekani kuhusu Kusini mwa Afrika, lililotoka mwaka 2011. Ni juzuu zuri, lakini maneno ya Mwalimu yamo kama yalivyosikiwa na kuandikwa na afisa wa upande wa pili wa meza. Kikundi chetu, siku kitakapoundwa, kingefanya vema kuanzia kwenye mazungumzo kama hayo, ambapo maandishi ya pande mbili yanaweza kuwekwa bega kwa bega.

Kuhusu Nachingwea nitasema kwa uangalifu. Kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa pale, na majalada yake yanagusa siri za Msumbiji kama yanavyogusa zetu. Hata baada ya miaka 30 ni adabu ya kidiplomasia kumuuliza mwenzio kabla ya kuchapisha alichokwambia faraghani. Mradi wa SADC uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ambao majuzuu yake 9 kuhusu harakati za ukombozi yalitoka mwaka 2014, ulionyesha kwamba nchi kadhaa zinaweza kufanya kazi hiyo pamoja.

Liko pia suala la nyaraka za kughushi, nalo halijadiliwi vya kutosha. Novemba 1964 Waziri wetu wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alitangaza kwamba zimepatikana nyaraka zinazofichua njama ya Marekani na Ureno dhidi ya nchi yetu. Marekani ikajibu kwamba ni za kughushi. Je, karatasi kama hizo ziingie juzuuni? Wapo watakaosema zisiingie, kwa kuwa hazisemi kweli. Mimi ningeziweka, kwa sababu watu walizisoma, wakakasirika na wakachukua hatua wakiziamini, na historia ya diplomasia ni pia historia ya yale yaliyoaminika. Lakini ningezitanguliza kwa maelezo marefu ya mhariri: zilitoka wapi, nani alizikana, na uchunguzi wa karatasi, mashine na saini umeonyesha nini. Kuzichapisha bila maelezo hayo ni kuzighushi mara ya pili.

Mwisho niseme juu ya jalada moja ambalo kiongozi anapaswa kulifungua siku ya kwanza ya kazi. Humo kila katazo lililoandikwa huwekewa folio yake: waraka upi, mistari mingapi, idara gani, sababu ipi, na tarehe ambayo ombi litapelekwa tena. Wakuu wa idara hubadilika, serikali hubadilika, sababu za mwaka huu huzeeka; lakini mrithi asiyejua kilichoombwa na kukataliwa hataomba upya, na pengo litaonekana kama halikuwahi kuwapo. Miaka 28 ilipita kati ya majuzuu mawili ya Iran, na hakuna mtumishi anayebaki kwenye kiti kimoja muda wote huo. Jalada hilo litunzwe masjala ya siri, kwa kuwa litakuwa limebeba yale yale yaliyokatazwa, na lipitiwe upya kila mwaka kabla ya maombi ya bajeti kuandikwa. Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.